Vidole Vitano, Ngamia Hamsini: Mkono wa Mfanyakazi katika Fiqhi, Tiba na Historia ya Nyanda za Juu Kusini

Katika vitabu vya fiqhi upo mlango ambao wanafunzi wengi huupita haraka, nao ni mlango wa diya za viungo. Ndani yake mna hesabu nyingi: jicho kiasi gani, jino kiasi gani, kidole kiasi gani. Msomaji wa leo aliyeko Mbeya au Iringa, ambako hakuna mahakama inayohukumu kwa ngamia, anaweza kudhani kuwa hesabu hizo ni habari za watu waliopita. Lakini katika mikoa hiyo hiyo maelfu ya watu wanaishi kwa mikono yao: wachumaji chai wa Mufindi na Rungwe, wapasua mbao wa Sao Hill, wanawake wafinyanzi wa Ikombe kando ya Ziwa Nyasa, na wakulima wa jembe la mkono katika kila kijiji. Msumeno unapokata kidole cha mmoja wao, swali linaloulizwa ni lile lile la wanachuoni wa zamani: Kidole hiki kina thamani gani, na ni nani wa kuipima?

Makala hii inafuatilia swali hilo kwa njia tatu: hukumu za fiqhi, elimu ya misuli ya kigasha na kiganja, na historia ya kazi za mikono katika Nyanda za Juu Kusini. Kigasha ni ile sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha kiganja. Msomaji ataona huko mbele kwamba siri kubwa ya vidole imefichwa hapo.

Ijtihadi ya Umar na barua ya Amr bin Hazm

Imam Shafii (aliyefariki mwaka 204 Hijria, sawa na 820 Miladia) amesimulia katika kitabu chake cha Ar-Risala habari ya hukumu ya Khalifa Umar bin Khattab (R.A.), aliyetawala baina ya mwaka 634 na 644. Umar alijua kuwa Mtume (S.A.W.) ameweka diya ya mkono mmoja kuwa ngamia 50, yaani nusu ya diya kamili ya ngamia 100. Mkono una vidole vitano, navyo vinatofautiana kwa uzuri na kwa manfaa. Basi akazigawanya zile ngamia 50 kwa kadiri alivyoona manfaa ya kila kidole: kidole gumba ngamia 15, kidole cha shahada 10, kidole cha kati 10, kidole cha pete 9, na kidole cha mwisho 6. Jumla yake ni 50 kamili.

Hii ni ijtihadi yenye akili. Ukizigeuza hesabu hizo kuwa sehemu za mia, utapata kidole gumba asilimia 30, cha shahada 20, cha kati 20, cha pete 18 na cha mwisho 12. Sasa linganisha na mwongozo wa kupima ulemavu unaotolewa na Chama cha Madaktari cha Marekani katika zama zetu. Wao wamekipa kidole gumba asilimia 40 ya mkono, cha shahada 20, cha kati 20, cha pete 10 na cha mwisho 10. Zimepita karne zaidi ya kumi na tatu baina ya hesabu hizi mbili, na bado kwa vidole viwili vya katikati ya orodha zimeafikiana kabisa. Mtu mwenye macho makini huko Madina aliona jambo ambalo madaktari bingwa wa mikono wameliona baada yake.

Pamoja na hayo, hukumu ile haikudumu. Ilipopatikana kwa jamaa wa Amr bin Hazm ile barua aliyoandikiwa na Mtume (S.A.W.) alipopelekwa Yemen, ilikutwa ndani yake kwamba kila kidole diya yake ni ngamia kumi. Watu wakaiacha ijtihadi, wakafuata barua. Imam Shafii anaileta habari hii ili kuonyesha kuwa khabari iliyothibiti ikifika, rai husimama kando, hata kama mwenye rai ni Umar. Na katika Sahihi Bukhari imo riwaya ya Ibn Abbas (R.A.) yenye maana hiyo hiyo, kwamba kidole gumba na kidole cha mwisho viko sawa.

Hapa ndipo mwenye kusoma elimu ya mwili hushtuka. Vipi kidole gumba, kinachokabiliana na vidole vingine vyote, kilingane na kidole kidogo cha pembeni? Ili tulijibu swali hili kwa uadilifu, hatuna budi kwanza tufahamu mkono unavyofanya kazi.

Nguvu ya vidole haimo vidoleni

Ndugu msomaji, kishike kigasha chako cha kulia kwa mkono wa kushoto, kisha ukunje na kukunjua vidole vya kulia mara kadhaa. Utahisi nyama ya kigasha inacheza chini ya mkono wako. Hiyo ndiyo mashine yenyewe. Ndani ya vidole hamna minofu ya kuvikunja wala ya kuvinyoosha. Mna mifupa, viungo, mishipa, na kano, yaani kamba ngumu nyeupe zinazovutwa kutoka mbali.

Kigasha kina misuli ipatayo 20. Iliyo upande wa mbele, unaofuatana na kiganja, kazi yake kubwa ni kukunja. Iliyo upande wa nyuma hunyoosha. Misuli mikubwa inayokunja vidole vinne imepangwa kwa tabaka mbili. Wa juu hupeleka kano zake hadi mfupa wa kati wa kila kidole, na wa chini hupeleka zake hadi ncha. Ila kano ya chini ingepitaje ilhali ya juu imeifunika? Kano ya juu inapokaribia mwisho wake hupasuka mapande mawili, ikaacha njia katikati, na ile ya chini ikapita kama uzi katika tundu la sindano. Kidole gumba kimepewa msuli wake peke yake wa kukikunja ncha, uliotoka kigashani.

Kiganjani mna misuli midogo. Iko inayounda kile kilima cha nyama chini ya kidole gumba, nayo hukizungusha kidole hicho kikabiliane na wenzake. Iko inayounda kilima cha upande wa kidole cha mwisho. Na iko iliyolala baina ya mifupa ya kiganja, inayotanua na kukusanya vidole. Bila ya hii midogo mtu anaweza kukunja ngumi, lakini hawezi kushika sindano, kalamu, wala jani changa la chai.

Misuli yote hii inaamrishwa na neva tatu: mediani, alna na radiali. Neva ya alna hupita nyuma ya kiwiko, pale ambapo mtu akigonga hupata ganzi hadi kidole cha mwisho. Ikikatwa kwenye kifundo cha mkono, kidole cha mwisho na cha pete hujikunja mfano wa kucha za ndege, na hali kama hiyo huwapata pia wagonjwa wa ukoma ambao neva hiyo imeharibika. Ya mediani ikikatwa, kidole gumba hushindwa kuwakabili wenzake. Ya radiali ikiumia juu ya kiwiko, kiganja chote huning'inia.

Tuzingatie jambo moja zaidi. Jaribu kukunja kifundo cha mkono kabisa kwa mbele, kisha ufumbate ngumi. Utaona ngumi haina nguvu. Kumbe hata misuli ya nyuma ya kigasha, ambayo haikunji kidole hata kimoja, ni sehemu ya kushika, kwa sababu ndiyo inayokizuia kifundo kisilegee. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na vidole vyake vitano, vizima machoni, na asiweze kushika kitu, kwa sababu ya jeraha moja la panga kwenye kigasha.

Mwenye kuiuza Qanun na mwenye kuisherehesha

Elimu hii ina historia ndefu. Jalinus, yaani Galen wa Pergamon, aliyeishi katika karne ya pili Miladia, alikianza kitabu chake juu ya manfaa ya viungo kwa habari ya mkono. Yeye ndiye aliyesimulia kisa cha mtu aliyeanguka kutoka kwenye kigari, akapoteza hisia katika kidole cha mwisho, cha pete na nusu ya cha kati. Matabibu walikuwa wakimpaka dawa vidoleni. Jalinus akauliza alipoanguka aliumia wapi, akaambiwa ni chini ya shingo, akaitibu sehemu hiyo. Ugonjwa ulionekana mkononi na asili yake ilikuwa mgongoni.

Lakini Jalinus aliwapasua zaidi wanyama, na hasa nyani wadogo wa Afrika Kaskazini. Kwa nyani hao kano ya kidole gumba hutokana na ule msuli wa pamoja wa vidole, ilhali mwanadamu kidole gumba chake kina msuli wake mbali. Anayejifunza mkono wa mtu kwa mkono wa nyani ataikosa tofauti hiyo.

Vitabu vya Jalinus vilifasiriwa Baghdad katika karne ya tisa na Hunayn bin Ishaq na wanafunzi wake. Kisha Ibn Sina (980–1037) akaandika Al-Qanun, na katika juzuu yake ya kwanza akaweka milango ya misuli ya mkono wa juu, kigasha, kifundo na vidole. Az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya kumi na moja, aliwaonya wapasuaji katika sehemu ya thelathini ya kitabu chake At-Tasrif kuwa asiyejua mahali pa mishipa, kano na misuli atamuua mgonjwa. Naye Abdul-Latif al-Baghdadi, baada ya njaa kubwa ya Misri ya mwaka 1200 hadi 1202, aliikagua mifupa ya maiti wengi akaona kuwa taya la chini ni mfupa mmoja, kinyume cha alivyosema Jalinus, akashikilia alichokiona kwa macho.

Katika karne ya kumi na tatu walikuwepo wanachuoni wawili wa madhehebu ya Shafii ambao habari zao zinatuhusu sana. Wa kwanza ni Imam Nawawi wa Damascus (aliyefariki mwaka 676 Hijria, 1277 Miladia), mwenye Minhaj at-Talibin, kitabu kinachojulikana sana katika madarasa ya Afrika Mashariki. Mwanafunzi wake Ibn al-Attar amesimulia kuwa Nawawi aliwahi kuinunua Qanun akitaka kusoma tiba, akahisi kiza moyoni kwa siku kadhaa, basi akaiuza akarudi kwenye masomo yake. Wa pili ni Ibn an-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 687 Hijria (1288). Huyu alikuwa tabibu na faqihi kwa pamoja. Alisomesha fiqhi ya Shafii katika madrasa ya Masruriyya, na As-Subki amemtaja katika tabaka za wanachuoni wa Kishafii. Ndiye aliyeisherehesha sehemu ya anatomia ya Qanun, na humo akaeleza mzunguko wa damu baina ya moyo na mapafu. Alisema wazi kuwa sharia na huruma zilimzuia asipasue maiti.

Mmoja aliiuza Qanun na mwingine akaisherehesha. Tusidhani kuwa mmoja wao alikosea. Nawawi alijua elimu aliyoumbiwa. Lakini mlango wa diya unawahitaji wote wawili: mmoja wa kusema hukumu, na mwingine wa kusema mkono huu umeharibika kiasi gani.

Mikono ya Nyanda za Juu Kusini

Sasa turudi kwetu. Takriban kilomita 20 kutoka Iringa mjini, kwenye njia ya kwenda Mbeya, lipo korongo la Isimila. Mwaka 1951 yaligunduliwa hapo mawe mengi yaliyochongwa na watu wa kale, na katika miaka ya 1957 na 1958 mtaalamu Clark Howell na wenzake wakafanya uchimbaji mkubwa. Wataalamu wanakadiria kuwa zana hizo zina umri wa zaidi ya miaka 200,000. Nyingi ni zile ziitwazo shoka za mkono, zisizo na mpini. Aliyezitumia alizifumbata moja kwa moja kiganjani, na baadhi yake ni kubwa kupita kiganja cha mtu.

Zana kama hizi zinatufundisha nini kuhusu vidole? Mwaka 1998 mtafiti Mary Marzke na wenzake walipima umeme wa misuli ya mikono ya watu waliokuwa wakigonga jiwe kwa jiwe ili kutengeneza zana za namna ya kale. Misuli ya kidole cha mwisho ilikuwa miongoni mwa iliyofanya kazi kubwa kabisa, pamoja na ya kidole gumba. Kidole gumba hushika upande mmoja, na kidole cha mwisho hufunga upande wa pili. Kimoja kikilegea, jiwe linaponyoka.

Mkulima wa Rungwe au Mufindi analijua hilo bila ya kipimo. Mpini wa jembe na wa panga hukaa katika upande wa kidole cha mwisho na cha pete. Vidole hivyo viwili ndivyo vinavyouzuia usichomoke wakati wa kupiga, na kidole gumba huongoza tu. Vipimo vilivyofanywa katika karne hii vimeonyesha kuwa kidole cha mwisho kikiondolewa katika kushika, nguvu ya kufumbata hupungua kwa takriban theluthi moja. Kile kidole ambacho orodha nyingi za fidia zimekiweka chini kabisa, kwa mtu wa jembe ni nguzo.

Tazama sasa mchumaji chai. Kilimo cha chai kilianza kustawi Mufindi na Rungwe katika miaka iliyo baina ya vita viwili vya dunia. Uchumaji wa mkono unataka majani mawili na chipukizi lake, na kwa kila mchumo kidole gumba na cha shahada hukutana, kwa siku nzima, mikono miwili kwa pamoja. Mchumaji akikosa kidole gumba kimoja, nusu ya kazi yake imekwenda. Akikosa kidole cha mwisho, bado anachuma.

Mfinyanzi wa Kikisi wa Ikombe, wilayani Kyela, huinua chungu kwa mikono bila ya gurudumu. Kwake yeye kiganja kizima ni kalibu, na vidole vyote vya mkono mmoja hukutana na vyote vya mwingine kupitia udongo. Na mpasua mbao wa Sao Hill, ambako upandaji wa miti kwa majaribio ulianza mwaka 1939 na ambako leo ndipo penye msitu mkubwa kuliko yote ya kupandwa ya serikali nchini, husukuma mbao kwa kiganja kilichofunguka mbele ya meno ya msumeno. Kidole kitakachotangulia ndicho kitakachokatwa, na hakuna ajuaye kitakuwa kipi.

Basi ni kidole gani chenye manfaa zaidi? Muulize mchumaji, atasema gumba na shahada. Muulize mwenye jembe, atakuambia usisahau cha mwisho. Muulize mfinyanzi, atakuonyesha vyote. Tofauti ya manfaa ipo, hatuikanushi, lakini haikai mahali pamoja. Inahama kulingana na kazi. Orodha moja ya manfaa ikiwekwa kwa watu wote, lazima itamdhulumu mmoja wao.

Sura ya 263 na thamani ya mkono

Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliweka sheria ya fidia kwa wafanyakazi, ambayo baadaye ilijulikana kama Sura ya 263. Kama zilivyokuwa sheria za namna hiyo katika makoloni ya Waingereza, ilikuwa na jedwali la viungo kwa asilimia. Kidole gumba kilikuwa juu ya vidole vyote, na cha mwisho kilikuwa chini. Bila ya kujua, watunga sheria hao walirudia njia ya ijtihadi ile ya kwanza iliyoachwa Madina.

Palikuwa na tofauti mbili kubwa. Kwanza, asilimia ile ilipigwa katika mshahara. Kwa hiyo kidole gumba cha kibarua wa chai kilikuwa na bei ndogo kuliko kidole gumba cha karani wa shamba lile lile, ingawa kibarua alikihitaji zaidi. Ama fiqhi haikuuliza mwenye mkono anafanya kazi gani. Mkono wa mwandishi na mkono wa mchukuzi ni 50 na 50, na wa kulia na wa kushoto pia. (Tofauti ya diya ya mwanamume na mwanamke iliyojadiliwa na wanachuoni ni mas'ala marefu yanayohitaji makala yake.)

Pili, sheria ile iliwekewa kikomo cha shilingi, na shilingi ikaporomoka. Sheria hiyo iliendelea kutumika miongo mingi baada ya uhuru, na hatimaye fidia ya juu kabisa ya ulemavu wa kudumu ilibaki shilingi 108,000, na ya kifo shilingi 83,000. Jedwali la asilimia lilibaki limeandikwa vizuri, lakini asilimia ya kitu kidogo ni kidogo zaidi. Hapa inafaa tukumbuke kuwa wanachuoni walipokadiria kwa ngamia walikadiria kwa mali inayozaa na kubaki na thamani yake. Inasimuliwa pia kuwa Umar (R.A.) alipanga upya makadirio ya diya kwa dhahabu na fedha pale bei ya ngamia ilipopanda. Hakuiacha haki ya mjeruhiwa ipungue kwa kupungua kwa sarafu.

Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria mpya ya Fidia kwa Wafanyakazi, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi mwaka 2015. Chini yake waajiri huchangia, na mfanyakazi aliyeumia kazini hupata matibabu, malipo ya muda asioweza kufanya kazi, na fidia ya ulemavu wa kudumu. Ulemavu mdogo hulipwa kwa mkupuo, na mkubwa hulipwa kwa pensheni ya kila mwezi. Hii ni hatua kubwa na yapasa isemwe kwa uadilifu. Diya haikukusudiwa kuchukua mahali pa mshahara uliopotea, na mtu aliyekatwa kidole gumba akiwa na watoto wa kulisha anahitaji zaidi ya bei ya kidole.

Mlango wa pili wa fiqhi

Turudi sasa kwenye lile swali. Je, kwa kusawazisha vidole, fiqhi imeyapuuza manfaa? Hapana. Imeyawekea mlango mwingine.

Katika Minhaj ya Imam Nawawi tunakuta kwamba diya ya mkono ni nusu ya diya ukikatwa kuanzia kiganja. Ukikatwa juu zaidi, kigasha huongezewa hukuma, yaani makadirio yanayofanywa na hakimu kwa jambo lisilo na kiwango maalumu. Kila pingili ya kidole ni theluthi ya diya ya kidole hicho, isipokuwa kidole gumba, ambacho kwa kuwa kina pingili mbili tu, kila moja ni nusu yake. Msomaji wa haraka atasema: Tazama, kigasha chenye misuli yote kimepewa hukuma tu, na vidole vinavyovutwa kwa kamba vimepewa kumi kumi!

Lakini endelea kusoma. Wanachuoni wamesema pia kuwa mtu akiupiga mkono wa mwenzake ukapooza, juu yake ni diya ya mkono mzima, ijapokuwa hakikukatwa kitu. Kidole kikipooza ni diya ya kidole. Sababu yake ni kwamba manfaa ya mkono ni kushika na kukamata kwa nguvu, wanakokuita batshi, na manfaa hayo yakiondoka, mkono umeondoka kwa maana ingawa umebaki kwa sura. Na kinyume chake, mkono uliokwishapooza ukikatwa, hapana diya kamili bali hukuma, maana kilichopotea ni sura tu.

Hapo kigasha kimerudi kwenye hesabu kwa mlango wake. Jeraha la panga likikata kano za kukunja au neva ya mediani, vidole vikafa, fiqhi haiangalii urefu wa kovu. Inaangalia vidole vingapi vimepoteza batshi. Hakimu anayehesabu vidole kwa macho ataona vitano na kusema hapana hasara. Hakimu mwenye kujua mlango huu atamwita tabibu. Na katika manfaa kama kusikia na kuona, mafaqihi wamesema wajuzi wawili waadilifu waulizwe kama yanatarajiwa kurudi, na kama yanatarajiwa, ingojwe muda watakaoukadiria. Maneno haya yana maana kubwa kwa mkono, kwa sababu neva iliyojeruhiwa huweza kuota tena polepole kwa miezi mingi.

Kwa hiyo fiqhi imeweka mambo mawili mahali pake. Kwa kiungo kilichokatwa, kiwango kimoja kisichobishaniwa, ili tajiri asije akasema kidole cha kibarua huyu hakikuwa na kazi. Kwa manfaa yaliyoharibika ndani ya kiungo kilichobaki, upimaji wa wajuzi. Ijtihadi ya Umar ilijaribu kuyaingiza manfaa katika kiwango. Barua ya Amr bin Hazm ikayatenganisha.

Faida kwa mfanyakazi wa leo

Hatudai kuwa mahakama za Tanzania zihukumu kwa ngamia. Sheria ya nchi inajulikana na inafuatwa. Lakini historia hii ina faida ya karibu kwa watu wa mashamba na viwanda vya mbao vya Iringa na Mbeya.

Mfanyakazi aliyekatwa kidole hana haja ya kumshawishi mtu, kwani jeraha lake linajieleza. Mwenye hatari ya kudhulumiwa ni yule ambaye kigasha chake kilichanwa, kikashonwa, ngozi ikapona vizuri, na vidole vikabaki vimelala. Akisimama mbele ya msimamizi ataambiwa kuwa amepona, maana vidole vyote vipo. Huyu ndiye anayepaswa kujua kuwa apimwe kushika kwake, kidole kimoja kimoja, na kifundo chake, na hisia za ncha za vidole vyake, na kwamba matokeo hayo yaandikwe na daktari kabla ya kutia saini karatasi yoyote ya kumaliza shauri. Asipimwe mara moja tu, kwa kuwa neva ina muda wake wa kurudi au kukata tamaa.

Na wale wanaokaa katika vikao vya kusuluhisha, wawe viongozi wa misikiti, wazee wa vijiji au mawakili wa vyama vya wafanyakazi, wakumbuke kwamba Ibn an-Nafis aliketi kusomesha fiqhi na akaketi kuandika anatomia, wala hakuona kuwa kiti kimoja kinakikataa kingine. Asiyejua misuli ilipo atahesabu vidole vitano katika mkono usioweza kuinua kikombe, kisha atasema amehukumu kwa haki.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.